Swali Nililomjibia Mdogo Wangu

Nilimdanganya daktari. Ingekuwa ni kuhusu ugonjwa wangu, labda lingebaki shauri langu na Mungu wangu. Lakini nilimdanganya kuhusu ugonjwa wa mdogo wangu, naye mdogo wangu ameketi pembeni yangu anasikia. Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja, "Hapana", na aliyelipa gharama yake ni yeye. Amesoma maandishi haya kabla sijayatoa, akaniruhusu kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala shule anayofundisha. "Mengine yaseme yote, Dada," aliniambia. "Hata ya pazia."

Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza pale mkuu wake wa shule aliponipigia simu Dar es Salaam. Alisema mwalimu haonekani darasani, na siku akionekana anakaa ofisini na rundo la madaftari mbele yake, kalamu nyekundu mkononi, hasahihishi hata moja. Nilimfuata nikampeleka kwa mama, Korogwe. Suruali ilikuwa inamvuka. Alilala mchana na usiku, uso umeelekea ukutani, na ukimuuliza anaumwa nini anasema amechoka tu.

Sikuhitaji kuambiwa hiyo ni nini. Nimesoma, nafanya kazi ya ofisi, na kazini kwetu tumewahi kuletewa semina ya afya ya akili tukapewa na vipeperushi. Nilijua kwamba ile ni sonona, haikuwa uvivu wala jini.

Mama akasema tumpeleke hospitali. Naomba msomaji uliweke hili moyoni: mama, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyesema hospitali. Alikuwa amekwisha kumwita shehe kwa kisomo, na shehe alipomaliza dua alimwambia, "Mpelekeni na kwa daktari, msichelewe." Aliyekataa ni mimi, msomi wa nyumba.

Nilikuwa na sababu. Bingwa wa magonjwa ya akili yuko hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanga mjini, na mgonjwa hana nguvu za kukaa kwenye basi. Foleni ni ndefu. Halafu kuna daktari bingwa Dar es Salaam anayeona wagonjwa kwa video. Unalipia kwa simu, unapangiwa saa, unaongea naye ukiwa kwako. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yangu.

Sababu yangu ilikuwa posa. Mdogo wetu wa kike alikuwa amechumbiwa, na barua ya wakwe ilikuwa ndani ya kabati la mama. Kwetu, kabla mambo hayajafika mbali, wazee hutuma watu wa kuulizia ukoo. Mule ndani kuna kifafa? Kuna wazimu? Kliniki ya akili ina siku yake na benchi lake, na kila apitaye kwenye korido anajua waliokaa pale wanasubiri nini. Watu wa Korogwe tuna aibu ya nyongeza. Milimani juu yetu iko Lutindi, mahali wamisionari wa Kijerumani walipoanzisha makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na ambapo mwanzoni mwa karne ya 20 paligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Pangekuwa mahali pa kujivunia. Kwetu utotoni palikuwa tusi: "Wewe wa kupandishwa Lutindi!" Nchi nzima inafanya vivyo hivyo kwa Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyopokea wagonjwa tangu 1927.

Simu haina benchi. Hicho ndicho nilichokipenda.

Siku ya miadi niliiegemeza simu kwenye chupa ya chai juu ya meza ya sebuleni, nikamkalisha mdogo wangu mbele yake, nami nikakaa ubavuni. Daktari alikuwa mtu mtaratibu. Aliuliza nani yuko chumbani, nikajitambulisha. Aliuliza kuhusu usingizi, chakula, kazi, mawazo ya kutaka kufa. Akauliza ulevi, akauliza ndugu wengine. Kisha akaja na swali ambalo nalikumbuka neno kwa neno: "Je, amewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa hivi, halali na hachoki, anaongea mfululizo, ana mipango mikubwa, anatumia fedha ovyo?"

Mdogo wangu alifungua mdomo. Nikamtangulia. "Hapana, Daktari. Hajawahi."

Alikuwa amewahi. Akiwa chuoni, mwaka wa pili, tulipigiwa simu na wenzake wa bweni kwamba halali. Alikuwa ameuza kompyuta yake, amegawa fedha ya ada kwa watu asiowafahamu, na usiku anahutubia bwenini kuhusu kampuni atakayoifungua. Tulimrudisha nyumbani, akasomewa, akatulia. Tukakubaliana kimyakimya kwamba alizidisha kusoma. Hatukulitamka tena, wala sisi kwa sisi. Na mimi, nilipolisikia linatamkwa na mtu wa mbali ambaye hakuwepo, nilishtuka kama mwizi aliyemulikwa tochi.

Sikujua uzito wa swali lile. Nilidhani daktari anapima kiasi cha wazimu, nami nampunguzia mdogo wangu mzigo. Kumbe lilikuwa swali la njia panda. Mtu mwenye sonona ya kawaida na mtu mwenye bipola, wanapokuwa chini, wanafanana: wote hawainuki kitandani, wote hawali, wote wanalia au wameishiwa na machozi. Tofauti iko kwenye historia, kwenye zile siku za juu, na siku za juu mgonjwa mara nyingi haziiti ugonjwa kwa sababu alijisikia vizuri. Ndiyo maana daktari huuliza ndugu. Jibu likiwa "hapana", atatoa dawa ya sonona. Jibu likiwa "ndiyo", hatoi dawa hiyo peke yake, kwa kuwa inaweza kumtoa mtu shimoni ikampandisha juu asishikike. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na bipola. Sijui ni wangapi kati yao walichelewa kutambuliwa kwa sababu ya dada kama mimi.

Daktari akaomba azungumze na mgonjwa peke yake. Nikasema sawa, nikainuka, nikatoka. Mlango kati ya sebule na korido ya nyumba ya mama hauna ubao, una pazia. Nikasimama nyuma ya pazia. Kamera ya simu haikuwa na namna ya kuniona. Mdogo wangu alikuwa nayo. Pazia lilikuwa fupi, na chini yake aliiona miguu yangu na kandambili za mama nilizovaa. Daktari alipomuuliza kama kuna jambo angependa kuongeza, alisema hakuna.

Aliandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona. Daktari akaagiza pia kwamba twende hospitali yoyote iliyo karibu apimwe uzito, presha na damu, pamoja na tezi ya shingo, maana tezi ikilegea huleta uchovu na huzuni inayofanana na sonona. Akasema ndani ya mwezi angependa mgonjwa aonwe na daktari ana kwa ana, popote. Akaonya: akianza kukosa usingizi huku ana nguvu nyingi, aache dawa na aletwe hospitali siku hiyohiyo. Niliitikia yote, nikaandika yote. Dawa ilinunuliwa jioni ile. Vipimo nilivisogeza mbele hadi baada ya posa. Yale ya kuonwa ana kwa ana sikumwambia hata mama.

Dawa za aina ile hazifanyi kazi kwa siku mbili. Huchukua wiki kadhaa. Tulingoja. Asubuhi moja mama akasema mtoto ameamka mwenyewe, ameoga, ameomba chapati. Nilitoa machozi ofisini. Nikamwandikia daktari: "Anaendelea vizuri sana." Siku chache baadaye mama akapiga tena, saa ambayo huwa hapigi.

"Mwanangu, huyu halali. Saa nane za usiku anafagia uwanja. Juzi kafagia hadi wa jirani."

"Mama, dawa inafanya kazi," nilimjibu. "Mwache, amelala vya kutosha mwezi mzima."

"Mimi nimemzaa. Macho yake siyo yale."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kwenye video ya ufuatiliaji, ambayo aliifanya akiwa Korogwe nami nikiwa Dar es Salaam, mdogo wangu alikuwa mchangamfu, amenyoa, amevaa shati la kola. Daktari alimuuliza usingizi, akajibu analala kama mtoto. Simu ilionyesha kuanzia kifua kwenda juu. Haikuonyesha mguu unaocheza chini ya meza, wala uwanja uliofagiwa, wala mama mlangoni akitikisa kichwa. Daktari alinitafuta mimi mchana ule athibitishe. Nikamthibitishia.

Mwalimu wa serikali ana kitu kimoja ambacho wakopeshaji wanakipenda: mshahara usiokwepa. Ndani ya siku chache alikuwa amechukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, sehemu mbalimbali, akaweka kadi ya benki rehani, akanunua pikipiki. Usiku akatoka nayo kuelekea Segera, bila taa, akiwaambia watu njiani kwamba anakwenda kukutana na waziri. Vijana wa kijiji kimoja cha barabarani walimsimamisha wakidhani pikipiki ni ya wizi. Walimfunga kamba. Aliyemwokoa ni dereva wa bodaboda aliyewahi kufundishwa naye hesabu, aliyepaza sauti, "Huyu ni ticha wangu, msimpige!" Makovu ya kamba bado yako kwenye vifundo vya mikono yake.

Tukampeleka hospitali. Basi nililikimbia benchi la kliniki, na nikalikalia, saa ambayo hakuna kificho chochote kilichobaki. Nikatazama walio pembeni yangu. Palikuwa na mama mwenye mtoto wa kifafa, maana kliniki hizi hutibu na kifafa. Palikuwa na mzee wa kanzu safi anayehesabu tasbihi, na msichana wa chuo na begi lake mgongoni, anasoma notisi za mtihani. Hakuna aliyenitazama. Kila mmoja alikuwa na lake.

Muuguzi aliyempokea mdogo wangu alifanya mambo ambayo simu yangu ghali haikuyaweza. Alimpima uzito. Alimshika mkono akaugeuza, akatazama kucha na makovu ya kamba, akamwambia atoe ulimi. Alimsogelea akavuta pumzi kujua kama kuna harufu ya pombe. Alimwangalia anavyotembea kutoka mlangoni hadi kitini. Akamgeukia mama, siyo mimi, akamuuliza, "Mama, usingizi wake ukoje?" Mama akaeleza yote, ya uwanja na ya miaka ya chuo, bila kupumua. Alipomaliza akaniangalia akasema, "Mficha uchi hazai." Sikuwa na la kujibu.

Daktari akauliza kwa nini la chuoni halimo kwenye maelezo ya daktari wa kwanza. Nikasema, "Aliuliza. Mimi ndiye niliyemficha." Aliandika, hakunigombeza.

Walisimamisha fluoksetini, wakampa sindano ya kumtuliza, wakamlaza. Siku iliyofuata shingo yake ilikakamaa ikapinda upande mmoja, macho yakavutika juu. Nilipiga kelele nikidhani anakufa. Muuguzi alikuja bila haraka, akaeleza kuwa ni athari inayojulikana ya haloperidoli, dawa ya ile sindano, akampa dawa ya kuilegeza, na kabla chai ya saa nne haijapoa shingo ilikuwa imerudi. Nilifikiria lingetokea lile nyumbani, kwenye simu, mtandao unakatika. Alipotulia alianzishiwa valproeti, dawa inayotaka damu ipimwe ili ini liangaliwe. Damu haipimwi kwa video.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Ningeweza kumalizia kwa kuilaumu tiba ya simu, nanyi mngenielewa, lakini ningekuwa nadanganya mara ya pili. Daktari wa kwenye video aliuliza swali sahihi, kwa maneno sahihi, na angelijibiwa ukweli, mdogo wangu asingefungwa kamba. Kosa halikuwa la chombo. Nilikitumia kuficha, na chombo chochote ukikitumia kuficha kitakusaidia kuficha.

Nilipotulia nilisoma kidogo, nikakuta kwamba jambo hili ni la zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1959, jimboni Nebraska nchini Marekani, daktari Cecil Wittson na wenzake walianza kutumia televisheni ya pande mbili katika tiba ya akili, na miaka michache baadaye wakaiunganisha taasisi yao ya Omaha na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Norfolk, umbali wa takriban kilomita 180. Angalia walivyoiunganisha: upande wa pili wa kioo kulikuwa na hospitali, na hospitali hiyo ina wauguzi wake. Kioo kilimpeleka bingwa pale ambapo hayupo. Hakikumwondoa mgonjwa mikononi mwa watu wanaoweza kumshika.

Na nchi yetu inakihitaji kioo hicho. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na mabingwa wa akili ni wachache mno, wengi wakiwa katika miji mikubwa. Mdogo wangu leo anatibiwa kwa njia zote mbili. Kliniki anakwenda kuchukua dawa, kupima damu na uzito, na kuonwa anavyotembea. Mazungumzo na mshauri wake anayafanya kwa simu, na anasema huko huwa huru zaidi kuliko ofisini, kwa sababu anakaa chini ya mwembe wa shamba la shule, visikizi masikioni, na anayepita anadhani anaongea na mchumba. Mshauri huanza kila mara kwa maswali yaleyale: uko wapi sasa hivi, nani yuko karibu, simu ikikatika nimpigie nani? Mwanzoni niliona ni urasmi. Sivyo. Mtu akizidiwa katikati ya maongezi, aliye mbali lazima ajue msaada autume wapi na kwa nani. Na kama kuna masikio karibu, wana utaratibu wao: mshauri huuliza, yeye hujibu ndiyo au hapana tu.

Anayepigiwa simu ikikatika ni mama. Siyo mimi. Alichagua mwenyewe, na alichagua vizuri.

Tumeulipa mkopo mmoja, mingine bado tunailipa. Nachangia kutoka mshahara wangu na sioni kuwa ni hisani. Wakwe walikuwa wamejua habari zetu siku nyingi, kabla hatujajipanga kuwaeleza, na ndoa ilifungwa. Mtu asinipe moyo kwamba mambo yaliishia vizuri. Mdogo wangu alikaa wodini, alifungwa kamba mbele ya mtu aliyewahi kumfundisha, na imani aliyokuwa nayo kwangu tangu utoto hajanirudishia yote. Ana haki.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna anayelala mchana na usiku, au anayefagia uwanja saa nane, usingoje sherehe ipite. Kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kukuandikia rufaa ya hospitali ya mkoa. Ukiwa na njia ya kumpata bingwa kwa simu, itumie, lakini mgonjwa aonwe na kupimwa na mtu aliye mbele yake, na agizo la daktari wa mbali lifuatwe kama la daktari wa karibu. Mpe mgonjwa chumba chenye mlango. Anayekaa naye usiku ndiye aulizwe kuhusu usiku. Na daktari akikuuliza juu ya mambo ya zamani ya ukoo wenu, mwambie yote, hata yale mliyokubaliana kutoyasema. Aibu ya ukoo haijawahi kumponya mtu.